MAISHA YA BWANA STUDD WA IBAMBI: NI NANI ATAKAYEOKOKA?

Katika ukurasa huu wa maisha ya waliotutangulia, tumezoea kuwaeleza habari za manabii na mashahidi wa Afrika. Safari hii tunawaletea habari za Mzungu mmoja aliyekufa zamani katika inchi yetu ya Kongo. Tunafanya hivi kwa sababu ya ulizo linalosumbua jamaa nyingi, toka Kasongo mpaka Kabambare na Wamaza: ni nani atakayeokoka? Mtu huyu alilibeba ulizo hilo mpaka kaburini, nalo likamtenga na rafiki zake.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Jina lake ni Charles Thomas Studd. Alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake alikuwa tajiri, aliyepata mali yake katika inchi ya India, na furaha yake ilikuwa mashindano ya farasi. Siku moja baba huyo alisikia mahubiri ya Moody, mhubiri wa Marekani, akamgeukia Mungu, akaacha mambo ya farasi, akafungua nyumba yake kwa mikutano ya Injili. Charles naye aliamini mwaka wa 1878, alipokuwa angali mwanafunzi.

Lakini mtoto huyu alikuwa hodari sana katika mchezo wa kriketi, ambao Waingereza wanaupenda kama sisi tunavyoupenda mpira wa miguu. Alisoma Eton na Cambridge, na mwaka wa 1882 alichezea taifa la Uingereza. Magazeti yalimsifu, na moyo wake ukapoa. Muda wa miaka sita hivi imani yake ililala usingizi. Kisha ndugu yake George akashikwa na ugonjwa mkali, karibu kufa. Charles alikaa kando ya kitanda chake, akaona kwamba sifa za watu hazimsaidii mtu anayekata roho. Akarudi kwa Bwana.

Wandugu, shikeni habari hii ya miaka sita, maana tutairudia mbele. Je, katika miaka ile alikuwa ameokoka ao alikuwa amepotea?

ALIGAWA MALI YAKE YOTE

Mwezi wa pili wa mwaka 1885 Studd alisafiri kwenda China pamoja na vijana wenzake sita wa cheo kikubwa. Watu waliwaita Saba wa Cambridge. Huko alitimiza miaka 25, umri ambao angepokea urizi wake kwa baba. Urizi ule ulikuwa karibu pauni 29,000, feza nyingi sana wakati ule. Mwaka wa 1887 akaanza kuigawa: pauni 5,000 kwa kazi ya Moody, 5,000 kwa Müller aliyelea yatima kule Bristol, nyingine kwa maskini wa London na kwa Jeshi la Wokovu katika India. Zikabaki pauni 3,400, akampa mchumba wake, Priscilla Stewart. Mchumba naye akakataa kuziweka, zikatolewa kwa Bwana. Wakaoana mwaka wa 1888 bila akiba yoyote.

Mungu aliwapa binti wanne. Walirudi Uingereza mwaka wa 1894 kwa sababu ya ugonjwa, na baadaye Studd alichunga kanisa moja katika India mpaka mwaka wa 1906.

ANAFIKA KONGO

Mwaka wa 1913, akiwa na miaka 52, mwili wake umechoka na waganga wamemkataza, Studd aliingia Kongo kwa njia ya mashariki pamoja na kijana Alfred Buxton. Walifika Niangara, kwenye mto Uele. Misioni yao iliitwa Moyo wa Afrika. Alirudi Ulaya mara moja kutafuta watenda kazi, na mwaka wa 1916 akaja tena. Tangu siku hiyo hakuona tena inchi yake. Mama Priscilla alibaki Uingereza, mgonjwa wa moyo, akiandika barua na kutafuta misaada. Alifika Kongo mara moja tu, mwaka wa 1928, akakaa karibu majuma mawili. Wakaagana, wakijua kwamba hawataonana tena duniani. Mama huyo akafa mwanzo wa mwaka wa 1929.

Studd alijenga makao yake Ibambi, upande wa Wamba. Nyumba yake ilikuwa ya miti na majani. Aliamka usiku wa manane kusali na kusoma Neno, na kazi yake ya siku ilipita masaa ya watu wawili. Watu walimwita Bwana Mukubwa. Watu wengi sana walikuja kumsikia, wengine kwa safari ya siku kadha kwa miguu.

Na hapa tunapata jambo linalotugusa sisi watu wa Maniema. Studd alitafsiri Agano Jipya na Zaburi katika Kingwana. Kingwana ni mtoto wa wapi? Ni lugha iliyokua Kasongo na Nyangwe, zamani za Tippu Tip na Waungwana wake, ikafuata njia za misafara na mto Lualaba mpaka Kisangani na Ituri. Ilikuwa lugha ya biashara ya pembe na ya utumwa. Mungu akaiokota katika vumbi lile, akaifanya chombo cha Habari Njema. Mungu asiyetupa lugha ya soko la watumwa hatawatupa wenye kuisema.

UGOMVI JUU YA WOKOVU

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Studd aliona makanisa yake yanajaa. Watu waliimba, walibatizwa, walijiita Wakristo. Lakini alipoangalia maisha yao, aliona uwongo, uzinzi, uvivu na wivu, hata kwa walimu. Moyo wake ukauma. Akaanza kusema kwa ukali kwamba kuamini kwa kinywa hakutoshi, na kwamba mtu anayeendelea kupenda zambi hataingia mbinguni hata kama jina lake limeandikwa katika daftari la kanisa. Alishika sana neno la Waebrania juu ya utakatifu. Kwa hesabu yake, katika mamia waliokusanyika mbele yake, wa kuokoka walikuwa wachache sana.

Wamisionere wengine walishtuka. Wao walifundishwa kwamba mtu akiisha kuokoka kwa neema, hawezi kupotea tena, maana wokovu ni zawadi ya Mungu, si mshahara wa kazi. Waliona kwamba Studd anawarudisha watu chini ya sheria na kuwavunja moyo walio wazaifu. Studd alijibu kwa moyo wake wote kwamba anawaokoa na usingizi. Aliandika hata kitabu kidogo chenye alama D.C.D., maneno makali ya Kiingereza ya kiaskari, maana yake mtu hajali hata kidogo litakalompata, akimfuata Yesu. Wakristo wengi wa Ulaya walichukizwa na maneno yale.

Tena kulikuwa na jambo la dawa. Studd alikuwa na ugonjwa mwingi: homa, pumu, moyo, mawe ya nyongo. Ili aweze kusimama na kuhubiri, alitumia morfini, dawa inayotuliza maumivu lakini inamfunga mtu. Habari hiyo ilipofika London, wengi waliona kwamba mzee ameanguka. Halmashauri ilifika hata kumtoa katika misioni aliyoianzisha mwenyewe. Misioni ikapasuka, na mwaka wa 1931 waliojitenga wakaanzisha misioni nyingine, iliyofanya kazi upande wa Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani.

Tarehe 16 Julai 1931 Studd alikufa Ibambi, mwenye miaka 70. Alizikwa hapo hapo, katikati ya umati mkubwa wa Waafrika waliomlilia kama baba. Miaka 22 baadaye, mwaka wa 1953, moto wa Roho uliwaka katika makanisa ya misioni yake. Ulianza Lubutu, ambayo leo ni ya jimbo letu la Maniema, ukafika Ibambi. Watu walitetemeka, wakalia, wakaungama zambi zao mbele ya wote, wakarudisha vitu walivyoiba. Utakatifu ambao Bwana Mukubwa hakuweza kuuleta kwa ukali, Roho aliuleta kwa siku zake mwenyewe.

WAKRISTO WANAFUNDISHA NAMNA GANI?

Wandugu, ugomvi wa Ibambi ulikuwa wa zamani kuliko Ibambi. Wakatoliki, ambao mapadri wao walifika Kasongo mwanzo wa karne ya 20, wanafundisha kwamba wokovu unapita katika Kanisa, ubatizo na sakramenti. Tena mwaka wa 1964 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitangaza kwamba hata mtu asiyejua Injili pasipo kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo wa kweli na kufuata zamiri yake, anaweza kupata wokovu. Wafuasi wa Calvin wanasema Mungu amechagua walio wake, na aliyechaguliwa hapotei. Wametodisti, watoto wa Wesley, wanasema neema ni ya watu wote, lakini mtu anaweza kuiacha na kuanguka. Mashahidi wa Yehova wanahesabu watu 144,000 wa kwenda mbinguni, na wengine waaminifu wataishi katika dunia mpya.

Na sisi wa makanisa ya unabii? Sisi tumehesabiwa mara nyingi kuwa nje. Mwaka wa 1921, siku zile zile Studd alipokuwa akihubiri kaskazini, Simon Kimbangu alihukumiwa kufa kule Thysville, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walipelekwa mbali na inchi yao. Waliomfunga walikuwa Wakristo waliobatizwa, wenye kwenda kanisani siku ya Mungu. Kanisa lake lilikubaliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959. Tunajua basi namna inavyouma, mtu akisema mbele ya jeneza la mama yako kwamba amekwenda motoni, kwa sababu hakubatizwa na padri ao na pasta fulani.

Lakini tuseme ukweli wote. Sisi nasi tunawafanyia wengine vile vile. Katika vijiji vyetu jamaa moja inaweza kuwa na mjomba Mkatoliki, shangazi Mmetodisti, mukwe Mwislamu, na mtoto anayesali kwetu. Wakati wa matanga tunagombana juu ya nani ataombea maiti, nani ataimba, nani ataingia katika nyumba ya sala. Watoto wa tumbo moja wanaacha kula sahani moja. Kila mmoja ameshika ufunguo wa mbingu katika mfuko wake, na hakuna aliyekwenda kumwosha mgonjwa.

MAFUNDISHO TUNAYOPATA

Kwanza, Studd alikuwa na haki katika hili: jina la kanisa haliokoi. Kuvaa kanzu, kushika fimbo, kunena kwa ndoto, kuacha vyakula fulani, vyote hivi havifai kitu, kama mtu anamlaghai jirani yake kwenye mizani ya mpunga ao anamfukuza mjane katika shamba la marehemu. Mwenye kumpenda Yesu anaachana na zambi.

Pili, wapinzani wake nao walikuwa na haki katika hili: hakuna aokokaye kwa nguvu zake. Mwizi aliyesulubiwa kando ya Bwana hakuwa na wakati wa kutengeneza maisha yake, hakubatizwa, hakutoa zaka, wala hakuna nabii aliyemwekea mikono. Aliomba tu, akapokelewa siku ile ile.

Tatu, angalieni namna hukumu inavyorudi. Mtu aliyewahesabu waliookoka kuwa wachache, mwishoni rafiki zake walimhesabu yeye kati ya walioanguka. Kama Mungu angempima kwa kipimo chake mwenyewe, kile cha kutokuwa na kifungo chochote cha mwili, mzee huyu angesimama wapi na dawa yake? Na kijana yule wa miaka sita ya kriketi, kama angekufa uwanjani, tungemwandika katika orodha gani? Sisi tunaamini kwamba Baba hakumwacha wala katika miaka ile ya baridi, wala katika usiku ule wa maumivu pale Ibambi. Na kama tunamtumaini Mungu hivyo kwa Mzungu huyu, tumtumaini vile vile kwa babu zetu waliokufa kabla ya Injili kufika Lualaba, na kwa mjomba asiyesali kwetu.

Basi tunawaomba wachungaji, wainjilisti na mama wa maombi: hubirini utakatifu bila woga, maana walio wavivu wanahitaji kuamshwa. Lakini penye kufa kwa mtu, fungeni midomo juu ya hukumu. Kazi yetu ni kumwosha, kumwimbia, kumzika na kuwafariji watoto wake, awe wa kanisa lolote. Kitabu cha uzima kina mwenyewe, na kalamu yake haikukabiziwa kwa misioni yoyote, wala kwa sisi.

Bwana awabariki, awalinde katika safari na mashamba yenu, awape amani katika jamaa zenu. Amina.