Carl Akeley, mwindaji aliyezikwa Mikeno

Asubuhi mawingu yanapoondoka, wakaaji wa Keshero, mjini Goma, wanauona mlima Mikeno upande wa kuume wa Nyiragongo. Jina hilo wamelizoea: hata mtaa mmoja wa Goma unaitwa Mikeno. Juu kwenye mteremko wake, mahali paitwapo Kabara, kuna kaburi la Mmarekani aliyekuja kuua sokwe, kisha akaomba walindwe. Ni Carl Akeley.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika jimbo la New York, kwa wazazi wakulima. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa ili makumbusho iwaonyeshe kama wazima. Kwa kazi hiyo alihitaji bunduki, na bunduki nusura imponze mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Somalia, mwaka wa 1896. Bunduki ya komeo hutaka mkono mwepesi: mwindaji huinua mpini wa komeo, huuvuta nyuma ili ganda litoke, kisha huusukuma mbele ili risasi nyingine iingie. Ni kazi ya nukta chache, lakini chui aliyejeruhiwa hangoji. Akeley alikuwa ndiyo kwanza afunge komeo, chui akamrukia, bunduki ikaanguka. Mnyama akamng'ata mkono wa kulia. Akeley akamsukumia ngumi kooni na kumkandamiza kwa magoti mpaka akafa.

Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 1910, kwenye baridi ya Mlima Kenya. Tembo alitokea nyuma yake ghafla. Akeley alisukuma kidude cha usalama kinachozuia risasi kutoka, lakini kilikataa kusogea. Tembo akamwangusha na kumgandamiza chini, akamvunja pua na mbavu. Wapagazi walidhani amekufa, na alilala pale saa nyingi kabla ya kuzinduka.

Lakini chombo alichokuja kukibadilisha hakikuwa bunduki. Katika safari hiyo alitaka kupiga filamu ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Kamera za wakati ule zilikuwa ngumu kugeuza, na windo lilikwisha kabla hajalinasa. Akaunda kamera yake mwenyewe, iliyogeuka juu, chini na pembeni kwa wepesi, kama mwindaji anavyomfuata mnyama kwa mtutu. Ilipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1915, na jeshi la Marekani likaitumia katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka wa 1921 Akeley alipanda Mikeno na vyombo vyote viwili. Kwa bunduki, kundi lake liliua sokwe watano kwa ajili ya makumbusho ya New York. Kwa kamera, alipiga filamu ya sokwe wa milimani wakiwa hai porini, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Katika kitabu alichotoa mwaka wa 1923 alieleza kwamba mbele ya sokwe aliyemuua alijiona yeye ndiye mkatili. Akaiomba Ubelgiji iwalinde. Tarehe 21 Aprili 1925, Mfalme Albert wa Kwanza alitia sahihi amri ya kuanzisha Parc Albert, hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Tangu mwaka wa 1969 inaitwa Virunga.

Amri hiyo ilitoka kwa mkoloni, na wenyeji wa eneo hawakuulizwa. Mipaka ilipopanuliwa miaka iliyofuata, familia nyingi zilipoteza mashamba, na ugomvi wa mipaka haujaisha hadi leo. Kuilinda hifadhi pia kumegharimu maisha ya walinzi zaidi ya 200.

Akeley alirudi mwaka wa 1926, akaugua njiani. Alifariki Kabara tarehe 17 Novemba, akiwa na umri wa miaka 62. Mke wake, Mary Jobe Akeley, alimzika hapo hapo, kisha akaiendeleza kazi ya msafara.

Mwaka wa 2018 ilitangazwa kwamba sokwe wa milimani duniani wamepita 1,000. Watano wale wa mwaka wa 1921 bado wamesimama nyuma ya kioo huko New York. Walio hai, baadhi yao wanakula majani kwenye miteremko ile ile ya Mikeno.