Cholesky, mwanajeshi mwenye kutuachia hesabu ya maji

Mutu wa Kasulo hana lazima ya kuelezewa: mvua ikinyesha, shimo inajaa, na motopompe moja haitoshi. Ku mine kubwa, mbele ya kuteremusha pampu, mainjenia wanauliza kwanza kompyuta: maji inatoka wapi, itapanda mpaka wapi? Mara mingi jibu inapitia ku hesabu ya Mufaransa mumoja, André-Louis Cholesky.

Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1875 ku Montguyon. Alisoma École Polytechnique, akaingia jeshi la mizinga, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kupima udongo: Krete, Algeria, Tunisia. Mwenye kupima anajua taabu yake. Kila kipimo iko na kosa kidogo, na kuvipatanisha kunaleta hesabu nyingi zenye kushikana: hauwezi kupata namba moja bila zingine.

Mu 1910 akaandika njia yake. Unageuza jedwali la namba kuwa pembetatu, sawa ngazi. Ku kidato cha kwanza kuko paka namba moja ya kutafuta. Ku cha pili unatumia ile umekwisha kupata, na kuendelea vile. Na mashine ya mukono, hesabu 10 zenye kushikana zilimuomba saa nne ao tano.

Hakuichapisha. Vita ikamukuta, na tarehe 31 Agosti 1918 akafa juu ya vidonda, miaka 42. Zilibakia siku 72 vita iishe. Mwenzake, komanda Benoît, njo alichapisha ile njia mu 1924.

Leo udongo wa mine unagawanywa mu kompyuta kwa visanduku hata milioni, kila kimoja kinategemea jirani zake. Ku ukubwa ule ngazi nzima inakula memori yote. Mu 1977 Meijerink na van der Vorst, wa Uholanzi, wakaonyesha namna ya kujenga ngazi nusu: unaweka namba paka fasi zilikuwa tangu mwanzo. Haitoi jibu kamili, lakini inatayarisha njia, na hesabu ya kurudiarudia inafika mbio. MODFLOW, programu ya Wamarekani ya maji ya chini ya udongo, iko na njia ya namna ile.

Tatizo ni kompyuta nyingi zikifanya pamoja. Ku ngazi, kila kidato kinangojea kile cha mbele, sawa watu kumi ku kamba moja. Basi wanakata mine vipande, kila kompyuta na ngazi yake. Lakini kipande hakijui jirani, na kurudiarudia kunaongezeka. Kwa mine kubwa sana, mimi ningejaribu multigridi, yenye kutazama pia mine yote kwa visanduku vikubwa. Kwa ndogo, ngazi nusu ya Cholesky inatosha.

Na ile karatasi ya 1910? Familia yake iliipatia École Polytechnique mu miaka ya 2000, pamoja na karatasi zake zingine.