Donge la damu la Dk. Livingstone

Msomaji, ukipita Kinazini, Unguja, utaiona nyumba alimokaa Dk. David Livingstone mwaka 1866 akijiandaa na safari yake ya mwisho. Alifariki Mei 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, baada ya kuugua homa, kuhara na kutokwa damu. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alipoupasua mwili ili ukaushwe, alikuta donge la damu kubwa kama kiganja.

Heparini iligunduliwa 1916. Leo tunajua maambukizi makali huweza kugandisha damu mishipani huku mgonjwa akivuja damu kwingine. Kwa hiyo usichanganye dawa za kuzuia damu kuganda bila daktari kukupima damu. Ukiona homa, kuhema haraka na kuchanganyikiwa, wahi hospitali.