Bwana Harry Thuku wa Kambui

Katika miaka yetu ya kufundisha historia tuliona kwamba wanafunzi hupenda habari iliyonyooka: wageni walitwaa ardhi, wenyeji wakakasirika, bendera ikapandishwa. Maisha ya Bwana Harry Thuku hayanyooki hivyo, na kwa sababu hiyo twayaandika.

Alizaliwa Kambui, Kiambu, mwaka 1895, akajifunza kusoma kwa wamisionari waliokuwa hapo. Baadaye alipanga herufi katika kiwanda cha gazeti la Wazungu mjini Nairobi, kisha akawa mpokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Kazi hizo mbili zilimfundisha mengi kuliko darasa, kwa kuwa alijua wakubwa wanavyoandika na wanavyosemezana.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yalikuwa mazito. Kila mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, akikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kodi ilipanda hadi shilingi 16. Na mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Tena wanawake na wasichana walikuwa wakisukumwa kwenda kuchuma kahawa ya walowezi. Mwaka huo huo Thuku na wenzake wakaunda chama cha vijana wa Kikuyu, lakini mara wakabadili jina kikawa cha Afrika Mashariki nzima, ili Mkamba, Mjaluo na Mganda waingie pia. Twaona kwamba hilo ndilo tendo lake kubwa. Mhindi mmoja, Bwana Desai, mhariri wa gazeti, alimsaidia kwa ofisi na mashine ya kupiga chapa, na karatasi yake iliyoitwa Tangazo ikatoka kwa Kiswahili. Kazi ya serikali akaikosa.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walisimama mbele ya kituo cha polisi Nairobi wakidai aachiliwe. Wazee walikwenda kuonana na wakubwa, wakarudi wakiwaambia watu waende nyumbani, na wengine wakaanza kuondoka. Hapo mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawasuta wanaume kwa woga wao, akawaongoza wanawake mbele. Askari wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu walihesabu zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Kismayu, baadaye Lamu, Witu na Marsabit, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Kodi ilipunguzwa hadi shilingi 12, kipande kilibaki.

Aliporudi, chama cha Kikuyu kilichozaliwa wakati hayupo kilimchagua kuwa rais mwaka 1932. Wakagombana. Mwaka 1935 akaanzisha chama chake, chenye kuahidi kufuata sheria na kuitii serikali. Mwaka 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichosimama nyuma ya Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Chama hicho kiliitwa KAU mwaka 1946, na Mzee Kenyatta akashika uongozi wake mwaka 1947. Vita vya Mau Mau vilipoanza, Thuku alisema katika redio kuvipinga. Vijana wa msituni hawakumsamehe, na hata leo wako wanaomwita msaliti.

Sisi hatumwiti hivyo. Mtu aliyeona watu wake wakiuawa kwa ajili ya jina lake huenda akaiogopa damu kuliko sisi tuliosoma habari hizo kitabuni. Lakini pia hatusemi kwamba njia yake ya upole ingetosha: kipande kilichompeleka Kismayu kilikuwa bado kikivaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya yeye kukipinga.

Alimalizia siku zake akilima kahawa, zao ambalo kwa muda mrefu walowezi walitaka liwe lao peke yao. Mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya chama cha wakulima wa kahawa. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963 alikuwa shambani kwake, bila cheo katika serikali mpya. Alifariki mwaka 1970. Barabara inayopita karibu na mahali watu walipopigwa risasi yaitwa kwa jina lake.