Miezi Mitano Kwihara

Soma 2 Wakorintho 12:7–10.

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, wageni huonyeshwa tembe alimokaa Dkt. David Livingstone. Kutoka Ipuli si safari ndefu. Wengi humkumbuka kama shujaa asiyeshindwa, lakini maisha yake yalikuwa tofauti.

Januari 1867 watu wawili wa msafara wake walitoroka na sanduku la dawa. Daktari akabaki bila kwinini ya kujitibu. Mwaka 1869 ugonjwa wa mapafu ulimwangusha kabisa. Aliyemwuguza, na kuamuru abebwe kuelekea Ujiji, alikuwa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Livingstone aliichukia biashara hiyo kwa moyo wote, lakini alikula chakula cha aliyeifanya. Jambo hili halitajwi sana kanisani, nalo lina uzito kuliko safari zake zote.

Huko Manyema, mwaka 1870, vidonda vya miguu vilimlaza takriban siku 80. Katika nchi hiyo aliisoma Biblia yote mara nne. Oktoba 1871 alifika Ujiji amekonda, akakuta bidhaa zake zimeuzwa na yule aliyekabidhiwa. Ndipo Stanley alipomkuta.

Februari 1872 wawili hao walifika Kwihara. Stanley alimsihi arudi kwao Uingereza, akakataa. Machi 14 Stanley akaondoka. Siku tano baadaye, akitimiza miaka 59, Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba anajitoa upya kwa Yesu, nafsi yake yote, akaomba amalize kazi kabla mwaka haujaisha.

Hakuimaliza. Chanzo cha Nile hakukiona. Mto Lualaba aliokuwa akiufuatilia ni wa Kongo. Paulo naye aliomba mara tatu, na mwiba ukabaki.

Alingoja wapagazi hadi Agosti 25, kisha akaelekea kusini. Katika vinamasi vya Bangweulu hakuweza tena kutembea, wenzake walimbeba. Mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba. Walipofika tena Unyanyembe, Waingereza waliowakuta huko walishauri azikwe papo hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo.

Jadilini: Ni msaada wa nani ambao ni vigumu kwenu kuupokea, na kwa nini?