Siti binti Saad: Muuza Vyungu Aliyepewa Jina Jipya

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Alikuwa Mwislamu, kama walivyo majirani zetu wengi wa pwani hii, na maisha yake yana funzo kwetu sisi tulioacha nyumba na mashamba.

Siti alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kwenye ukoo wa watumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakupata shule. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akajifunza kazi hiyo. Vyungu alivipeleka mjini na kuvitembeza akivinadi kwa sauti.

Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar. Watu walimcheka kwa asili yake, kwa sura yake na kwa nguo zake duni. Lakini mwanamuziki mmoja, Ali Muhsin, aliisikia sauti yake akamfundisha kuimba. Baadaye akaungana na wanamuziki wengine, wakawa wanapiga taarabu usiku baada ya usiku. Ndipo yule aliyeitwa Mtumwa akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Wakati ule taarabu ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, hata wachukuzi na wapishi wakaelewa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo zake, na santuri hizo zikauzwa mbali na Unguja.

Alipopata sifa hakuwasahau wanyonge. Wimbo wake mmoja maarufu, Kijiti, ulihusu mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Mwuaji alitoroka, na mgeni yule hakupata haki. Siti aliiimba habari hiyo ili isizikwe pamoja na marehemu.

Alifariki Julai 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza nyimbo kwake.

Ndugu zetu, nasi tumepewa jina. Tuliotoka Palma, Mocímboa da Praia na vijiji vya jirani, sote twaitwa wakimbizi, kana kwamba hatukuwahi kuwa wavuvi, mafundi, walimu na waimbaji. Jina hilo lataja yaliyotupata, halitaji sisi ni nani. Siti alifika mjini bila mali, akiwa na sauti yake tu, akaitumia. Basi mama anayejua kufinyanga na afundishe binti za jirani. Kijana mwenye sauti na aje kwaya. Na mtoto anayechekwa kwa nguo kuukuu, tumsimulie habari za muuza vyungu wa Fumba.

Mungu awabariki.