Senoga-Zake: Tichee wa muziki nyuma ya wimbo wa taifa

Wasee wa Diani na Msambweni, ile ngoma mliimba paredi kila Jumatatu bendera ikipanda, ilipikwa na nani? George Senoga-Zake alikuwa kwa hiyo timu, na buda alikuwa mzaliwa wa Uganda!

1963 walikuwa watano: yeye, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakukopa tuni majuu. Walichukua wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, ule mathe huimbia mtoi alale. Noma sana.

Senoga-Zake alifunza muziki, kisha 1986 akatoa kitabu, Folk Music of Kenya, nyimbo na ala za wazee zikakaa kwa karatasi. Lakini taja jina lake pale steji ya Ukunda uone kama kuna mtu atageuka.